Nilikata Nguo ya Kuzikiwa Mama Ili Nipigiwe Muhuri

Kosa ni langu. Nalisema mapema msije mkahangaika kumtafuta mwingine. Ndugu zangu walishatafuta, wakarudi kwangu.

Mimi ni mwanaume wa makamo, mfanyabiashara wa nguo hapa Bukoba. Jina liacheni, mjini wananijua. Shule niliishia darasa la tano. Nilianza na pasi ya mkaa sokoni, nanyoosha suruali za watu. Leo nina maduka matatu na mafundi tisa, na wengine wana vyeti! Hakuna aliyenishika mkono. Sijisifu, nasema ukweli. Au najisifu, haidhuru.

Mwaka juzi nikasema mji huu lazima upate wiki ya mitindo. Dar wanayo, sisi tumekosa nini? Nikakodi ukumbi, nikapata mabinti kumi na wawili wa kupita jukwaani, nikawashonea. Jasho langu mwenyewe!

Jamani, sikujua. Huku kahawa unalima wewe, bei inatoka juu, na wa kumuuzia umechaguliwa. Hilo tumelizoea. Lakini gauni nilidhani ni langu. Wapi! Kibali cha ukumbi, kibali cha muziki, majina ya mabinti, majina ya wazazi wao. Kiingilio wakapanga wao, watu wa ofisi ya utamaduni. Tarehe wakaisogeza mara mbili kwa sababu ya ugeni. Akaja afisa wao na dada mmoja ana rula, anapima sketi zinaishia wapi chini ya goti. Siku hiyo nilicheka.

Zikabaki siku tano. Afisa akafunga faili langu.

"Mzee, vazi la asili liko wapi?"

"Si hivyo vitenge!"

"Kitenge ni cha kiwandani. Mimi nataka la Mhaya. Bila hilo, muhuri haushuki."

Vazi letu la zamani ni lubugo, nguo ya gome la mti wa mtoma, inapondwa kwa nyundo ya mti mpaka inalainika kama blanketi. Siku hizi hapa sijui anayeiponda. Ng'ambo Uganda zipo, ila kuivusha kwa biashara nako kunataka karatasi, na karatasi haitoki kwa siku tano.

Nikakumbuka sanduku la mama.

Mama alikuwa Muleba, kwenye kibanja chetu, shamba la migomba la ukoo, anatunzwa na dada yangu Kokugonza. Macho yalikuwa yameshafifia. Zamani baba alichuna mtoma mmoja akatoa lubugo mbili. Moja tulimzika nayo. Ya pili ilikuwa ya mama, ameihifadhi sandukuni na majani makavu wadudu wasiile. Usharikani alikuwa haachi Jumapili hata moja, na mchungaji alijua habari ya ile nguo, hakuwahi kumkataza.

Nikamwambia, "Mawe, mama yangu, niazime lubugo. Wakubwa wa serikali wanataka kuiona."

"Kuiona tu?"

"Kuiona tu, mama waitu. Naitundika ukutani, Jumatatu nairudisha."

Akapapasa kifuniko cha sanduku. "Asiivae mtu. Nguo ya kuzikiwa haivaliwi na mzima."

"Mawe, mimi mwanao nikudanganye?"

Koku alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Akasema, "Huyu? Huyu alimuuzia baba shati lake mwenyewe!" Tukacheka wote watatu. Mama ndiye aliyecheka zaidi.

Nikaipeleka ofisini. Afisa akaitazama, akaigusa kwa kidole.

"Hili ni pazia, mzee. Mimi nimesema vazi."

Ningeweza kurudi nyumbani! Ningeweza kuwarudishia watu viingilio vyao nikachekwa mwezi mmoja, yakaisha. Lakini matangazo yalikuwa yamebandikwa mpaka Muleba, na mimi sijazoea kuchekwa. Mafundi walikataa kuikata, hata yule mwenye cheti. Nikashika mkasi mwenyewe. Nilimsimamisha binti mmoja mrefu, nikampima, nikakata.

Gauni lilikuwa zuri. Hilo siwezi kulificha. Binti alipotoka nalo ukumbi mzima ulisimama, mgeni rasmi naye akasimama. Nikaitwa jukwaani. Nikapunga mkono kama mbunge!

Jumatatu nikafika Muleba. Nilikuwa nimefumua mishono, nikaviunga vipande upya viwe shuka, nikapiga pasi. Nikasema mama haoni vizuri. Eti ndiyo akili yangu hiyo!

Aliiweka mapajani, akapitisha vidole. Akafika kwenye mshono. Akaufuata mpaka mwisho, akashika mwingine.

"Mwana wange," akasema, "ulimpima nani?"

Akaikunja, akanirudishia mikononi. Hakunilaani, hakulia. Tangu siku hiyo nikienda ananiuliza kama nimekula, basi. Mengine yote alimwambia Koku.

Alifariki masika yaliyofuata. Nikaja na ile nguo. Koku akanizuia mlangoni.

"Hiyo ilishapata mwenyewe," akasema. "Mama hazikwi na iliyotoka jukwaani. Alisema hivyo."

Tukamzika kwa shuka jeupe. Lilitoka dukani kwangu, la bei ya juu kuliko yote, bado lina mikunjo ya kiwandani. Baba amelala pembeni yake na lubugo yake. Mwenye maduka matatu ya nguo, sikuwa na nguo ya kumzika mama yangu.

Watu walilia. Mimi nilikuwa naangalia ile mikunjo. Mpaka leo sijalia, sijui kwa nini.

Lubugo iko kabatini dukani. Wiki iliyopita imekuja barua: wiki ya mitindo sasa itakuwa kila mwaka, tarehe wameshapanga, na nisikose kuja na lile vazi la asili. Ina muhuri mzuri, umekolea.

Wewe unayesoma, kama una kitu cha mzazi ulichoazima, usingoje Jumatatu. Kirudishe leo, kikiwa kizima. Mimi mishono naijua kuliko mtu yeyote mji huu, na nawaambia, mwenye nguo ataikuta tu kwa vidole.