Sarafu Iliyotobolewa Upande wa Mume

Ukwaju ukisuguliwa kwenye fedha hutoa harufu ya uchachu na kutu, na harufu ile ikinipata, hata leo, mikono yangu hupoa. Juzi mjukuu wangu Rehema, mzuri kama nilivyokuwa mimi, aliniletea sarafu aliyopewa na mgeni huko hotelini Bamburi anakofanya kazi: mfalme wa nchi za watu na mkewe, wamekaa sambamba. Nikaisugua kwa ukwaju, kama alivyokuwa akifanya mama. Ikang'aa. Rehema akasema, "Bibi, nataka niitoboe niivae." Nikaifumba mkononi.

Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini macho yangu yalisoma mengi. Nisikilizeni.

Baba alikuwa kuli bandarini, sisi tukikaa Likoni, na maradhi yake yalikuwa hayo: sarafu za ukumbusho zenye mkubwa wa nchi na mkewe. Mabaharia walimletea, naye akiwapa madafu na pawa za kupakulia za vifuu vya nazi. Sarafu ya mkubwa peke yake hakuitaka. "Mwanamume asiyeona haya kukaa na mkewe kwenye fedha," alisema, "huyo hata mimi namwamkia." Alizipanga juu ya pamba ndani ya kopo la biskuti, na Ijumaa baada ya sala alitufungulia tuziangalie, mikono nyuma, kama watu waliokwenda kutoa pole. Mfalme mmoja hakuwa na shingo kabisa. Tulisema shingo yake yote kaichukua mkewe.

Iliyomtia kiburi zaidi ilikuwa ya nchi yetu. Mkubwa mbele, mkewe nyuma ya bega lake. Hiyo alimpa mama.

Mama, kama wanawake wa kwetu wote, alijua mahali pamoja tu pa kuweka fedha nzuri: shingoni. Tukaenda kwa sonara, mimi nimeshika ncha ya buibui lake. Sonara akaigeuzageuza. "Tundu nilipitishe wapi? Vichwa vimejaa."

"Popote," mama akasema, "ila mwanamke usimguse."

Wakacheka. Keekee yake ya kutobolea ikaingia kwenye paji la mkubwa, na unga mwembamba wa fedha ukamwagika mezani. Jioni mama alimhadithia baba maneno yale, baba akacheka mpaka akapaliwa.

Kidani alikivaa kwenye arusi ya binamu yangu. Wallahi alipendeza. Wanawake walikishika mmoja mmoja, mpaka kikafika kwa Bi Mishi, jirani yetu, ambaye mumewe alikuwa mtu wa chama. Alikivuta karibu na macho yake hata mama akalazimika kuinama.

"Mama Mwanasha, huyu mmemtoboa kichwa."

"Ni kidani tu, dada yangu."

"Naona." Akakiachia kikamgonga mama kifuani. "Naona vizuri."

Ngoma iliendelea, lakini upande wetu wa mkeka ulianza kubaki wazi.

Wakati ule mtu aliweza kuchukuliwa kwa neno lililomtoka kwa kinyozi, sembuse kumtoboa mkubwa kichwa. Bi Mishi hakuja tena kuomba chumvi. Baba alitoa salamu barazani akajibiwa kwa kikohozi. Kwenye duka la ng'ambo ya njia akaanza kusimama mtu tusiyemjua, akinunua sigara mojamoja na kutazama mlango wetu. Mama akataka kukizika kidani shambani kwenye mihogo. Baba akakataa. "Ukificha, umekiri."

Wakaja wawili, alasiri, mashati yamepigwa pasi. Hawakusema wametoka ofisi gani. Waliamkia vizuri, wakaomba maji, wakayashika bila kuyanywa. Mmoja akasema kwa upole, "Tumesikia hapa pana kidani."

Mama alikuwa keshafungua kinywa. Baba akamtangulia.

"Nimetoboa mimi. Kwa msumari, kwa mkono wangu huu. Mwanamke hajui lolote, huvaa anachovishwa."

"Baba, si sonara..." nikaanza, na mama akanibana mkono hadi nikanyamaza.

"Kilete hicho kidani, na hilo kopo ulichukue," wakamwambia. Baba akalikwapua, akatia miguu kwenye kandambili zilizokuwa mlangoni, akawafuata. Zilikuwa za mama. Visigino vyake vilikanyaga mchanga njia nzima.

Alirudi mvua za vuli zilipoanza, bila kopo wala kidani. Alikula, alisali, alikwenda kazini. Lakini katikati ya mazungumzo alisimama ghafla, kama aliyefika ukingoni mwa shimo, na neno la mbele lisije tena. Mama alimsubiri. Miaka yote alikuwa akimsubiri, macho yake kwenye paji la mumewe.

Nami nilimkasirikia, kwa akili ya utoto. Baba yangu, mtu wa swala tano, kasema uongo mbele ya wageni na hata haya hakuona.

Sarafu ya Rehema nimemrudishia, nzima. Ananiona bibi mkaidi, na aone. Mpaka nilipoolewa na kuzaa ndipo nilipoelewa kilichotokea barazani petu. Wale watu walikuja na keekee yao, wakitafuta pa kupitisha tundu. Baba akawajibu kama mama alivyomjibu sonara: popote, ila mwanamke msimguse.