Nilipiga kelele nimepigwa risasi, kumbe nimevunja ungo: kwa wazazi mnaomngoja senga

Wakuu, hebu mniambie kwanza: wewe mambo ya mwili wako nani alikuambia? Mama? Baba? Ama uliokota tu njiani kama sisi wengine?

Mimi ni haboba, ndiyo bibi kwa Kinubi. Shule niliachia P3, darasa la tatu, kwa hiyo mkiona herufi imepotea muisaidie ifike nyumbani. Lakini hii ninayowaambia imetoka kwa mwili wangu na kwa nyumba yangu. Chumvi nimeweka kwa mboga tu.

Sisi tulikuwa Jinja, nyuma ya maduka ya Wahindi. Baba alikuwa askari. Vita ilipofika na serikali ya wanajeshi ikaanguka, watu wakaanza kututafuta Wanubi mlango kwa mlango, wakisema jeshi lile lilikuwa letu. Tukapanda lori, wamama na watoto, twende Mbale kwa mjomba.

Senga wangu, yaani shangazi, dada ya baba, alipanda lori ingine. Ile ilienda kaskazini.

Shikeni hapo. Kwa sababu kwetu, na kwa majirani zetu Basoga pia, mama haongei na binti yake mambo ya chini ya kiuno. Mwiko! Hiyo ni kazi ya senga.

Basi lori ikazimika karibu na Busiu. Tukasikia bunduki. Tukaingia kwa mahindi ya watu, tukalala chini. Nikasikia kitu cha moto kwa mguu. Nikagusa. Damu!

Nikapiga kelele: "Mama, nimepigwa! Risasi imeniingia!"

Wacha bwana. Kulikuwa na afande mmoja kati yetu, ametoroka kazi, amevaa gauni ya mke wake asijulikane. Akatambaa mbio na kitambaa cha kufunga kidonda. "Iko wapi? Imeingilia wapi?"

Mama akanitazama mara moja tu, akaelewa. Akasimama. Bunduki zinalia, yeye amesimama!

"Afande, rudi nyuma. Hii si kazi yako."

"Mama, mtoto atakufa!"

"Hafi huyu. Rudi!"

Wanawake wakaanza kucheka ndani ya mahindi, wamejiziba midomo na gurbaba, zile shuka zetu za kujifunga. Mimi nalia, natubu dhambi zangu zote. Hata sukari niliyoiba niliitaja.

Mama akachana kipande cha gurbaba yake, akanipa. Akasema, "Hufi. Mengine ngoja senga." Halafu akageuza uso.

Nikangoja. Kila mwezi nafikiri ile vita imeniingia ndani, imekataa kutoka. Huko nje vita ikaisha, watu wakarudi, maduka ya Mbale yakafunguliwa. Senga bado.

Alipokuja mwishowe kutoka Sudani, na manukato yake na mafundisho yake yote tayari, alinikuta nimeolewa, mtoto mgongoni, mwingine tumboni. "Sasa mimi nikufundishe nini?" Tukacheka mpaka machozi. Machozi mengine, lakini, yalikuwa ya kweli.

Sasa sikilizeni vile makosa yanarithiwa kama sufuria.

Siku hizi niko Nakaloke kwa mwanangu na mke wake Hadija, anauza vitunguu sokoni. Binti yao Zainabu ana miaka kumi na minne. Nikaona kila mwezi anakosa shule, amejikunja kitandani. Nikamuuliza Hadija, huyu mtoto umemwambia nini?

"Mama, nimwambie mimi? Senga wake si yupo!"

Senga wake ni binti yangu, anafanya kazi Uarabuni. Wakampigia simu, sauti juu, Zainabu ameketi kama mshtakiwa. Senga akasema, "Mpenzi wangu, sasa umekuwa mkubwa. Kitu cha kwanza ujue ni..."

Netiweki ikakatika.

Mpaka leo hatujui kitu cha kwanza ni nini.

Siku moja Zainabu ananisaidia kushona tabaga, kile kifuniko chetu cha chakula cha rangi rangi. Akasema bila kuinua macho, "Haboba, ni kweli maumivu ya tumbo yanaisha ukilala na mwanaume?"

Sindano ikanichoma kidole. "Nani amesema?"

"Rafiki zangu. Na yule wa bodaboda anayenipa lifti. Amesema yeye anaweza kunisaidia."

Wakuu, niliogopa kuliko ile siku ya mahindi.

Ningeweza kumwambia mimi. Bibi ana ruhusa, bibi na mjukuu ni watani. Lakini nikafikiri: mimi ni mzee, naenda, mama yake anabaki. Kesho atamuuliza nani?

Nikamwita Hadija. Nikawapa tabaga moja kubwa, mmoja anashona, mwingine anampa majani ya rangi. Ile kazi ina dawa yake: macho yako chini, hakuna anayemtazama mwenzake, aibu inakosa mahali pa kukaa.

Nikaanza hadithi ya risasi. Nilipofika kwa afande mwenye gauni, Hadija alikuwa ameshika mbavu.

"Mama, mimi yangu ilipokuja nilijua nimelaaniwa! Asubuhi ile nilikuwa nimempiga paka mawe!"

Zainabu akamtazama mama yake kama mgeni. "Mama, kumbe wewe pia uliogopa?"

"Sana, mwanangu."

Nikamkanyaga Hadija mguu. Sema sasa!

Akachomeka sindano kwenye tabaga. "Zainabu, yale maumivu hayaponywi na mwanaume. Ni uongo. Anayekuambia hivyo anatafuta chake. Utapata mimba, utapata ugonjwa, na tumbo litauma vile vile."

"Sasa mimba inaingiaje, Mama?"

Hapo hata mimi nilitaka kukimbia. Hadija akashona, akashona, akasema yote, pole pole. Alipokwama akasema, "Hapo sijui. Kesho tutamuuliza nesi, mimi na wewe." Na kesho walienda kweli, wakarudi na tembe za maumivu na pedi, wanabishana njiani kama marafiki.

Hadija alipitia pia kwa steji ya bodaboda. Sijui alimwambia nini yule kijana, ila sasa akiniona hata mimi ananipigia saluti.

Wazazi wenzangu, senga ni mzuri, mila yetu siitupi. Lakini wa bodaboda hangoji senga afike. Kama hujui, sema hujui. Kama una aibu, shika kazi mkononi, menya matoke, chagua mchele, maneno yatatoka yenyewe. Na nyinyi baba, msijifiche nyuma ya redio, hata wavulana wanaokota maneno mabaya huko nje.

Haya, andikeni hapa chini vile mliambiwa, ama vile mlidanganywa. Leo mgongo unauma, nataka kucheka.

Zainabu aliporudi kutoka kwa nesi alikuja moja kwa moja kwangu, akanishika mkono. "Haboba, nakuahidi. Mtu akinipa tena dawa ya mwili wangu, nitamwambia aningoje hapo hapo, nakwenda kumuuliza mama."