Ufa wa Bawa la Kushoto

Shemeji yangu, mume wa dada, kazini wamemsahau jina. Wanamwita Mganga, kwa sababu kila ndege iliyokata roho hupelekwa kwake naye huifufua. Mimi ni mtunza stoo ya vipuri katika banda hilo hilo la ndege za jeshi, na stoo yangu ina rafu nyingi kuliko vipuri. Ndege ya mizigo tunayoiita Bibi ilianza kuruka kabla sijaota ndevu, na kiwanda chake kiliacha zamani kutengeneza vyuma vyake. Ikikosa kitu, tunakinyofoa kwa mwenzake aliyelala pembeni mwa banda, ambaye sasa amebaki mbavu tupu.

Mwaka huu Mganga aliona ufa kwenye shina la bawa la kushoto. Dawa ya ufa tunaijua: unatoboa kitundu kwenye ncha yake ili usizidi kutambaa, kisha unapiga kiraka cha bati. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeziba mpaka ukuta wenyewe umekuwa viraka. Safari hii Mganga aligoma. Akawaambia wakubwa Bibi ipumzishwe, pamoja na ndege zote za umri wake. Sababu nyingine hakuitaja, ingawa banda zima tuliijua: rubani mpya wa Bibi ni binti yake kifungua mimba, mpwa wangu.

Ikaundwa kamati. Jambo likiwashinda wakubwa, huundiwa kamati.

Nami niliitwa nieleze habari za vipuri, nikaketi kwenye kona na hasira zangu. Asubuhi nzima walibishana. Huyu alitaka ndege zistaafishwe kwa umri, yule kwa saa zilizoruka, mwingine akasema gari la babu yake bado linatembea. Mwisho mwenyekiti, kanali mwenye upole wa kukera, akamgeukia Mganga.

"Mzee wangu, tangu uanze kazi hapa, ndege hii imewahi kuanguka?"

"Hapana, afande."

"Imewahi kuua mtu?"

"Hapana, lakini afande..."

"Sasa wewe! Rekodi safi namna hii, nikaseme itupwe?"

"Haijaanguka kwa sababu hatulali, afande. Mnangoja ianguke ndiyo mjue imezeeka?"

Wakacheka. Eti wakacheka! Nilitamani kurusha kiti. Mtu amemuuguza mgonjwa miaka yote, halafu anaambiwa mgonjwa mwenyewe ni mzima, mbona anatembea?

Wakaamua ufa uzibwe na ndege ijaribiwe. Ikitua salama, iendelee na kazi. Na banda letu lina desturi yake: fundi aliyetia sahihi ndiye anayepanda safari ya majaribio.

Nilimfuata nje. "Shemeji, usitie sahihi."

"Nisipotia, atatia yule wa zamu ya pili, ambaye shina la bawa hajawahi kuligusa. Na rubani atakuwa yule yule."

"Basi libandike ovyo ovyo, mkaguzi alikatae."

"Mkaguzi yupi? Si ndiye mimi?"

Jioni nilikula kwao. Dada yangu aligonga sufuria kuliko kawaida. Mpwa wangu ndiye aliyeanza.

"Baba, hii ndege umeizibia nyufa tangu nikiwa mdogo. Walipokuwa wakiirusha watoto wa wenzako, mbona hukugoma?"

Mganga alisukuma sahani pembeni. "Nilikuwa naona inatosha," alisema, na chakula hakukigusa tena.

Lile bawa alilishughulikia kama ambavyo hajawahi kushughulikia kitu. Angefanya nini? Kila msumari alioukaza vizuri ulimpa kanali ushindi, na kila ambao angeulegeza ungemkalia mwanawe shingoni. Siku ya majaribio alipanda, akaketi nyuma ya kiti cha binti yake. Dada alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Bibi ikaruka, ikazunguka, ikarudi. Ilitua taratibu kama mtu anayemlaza mtoto asiamke. Dada alilia kwa furaha, nami nililia pia, sioni aibu kusema. Kanali akapiga makofi.

"Mzee, nilikuambia nini? Rekodi safi!"

Mganga alimkumbatia binti yake, akakaa naye hivyo kitambo. Kisha akaingia chini ya bawa la kushoto na tochi yake. Alipotoka alikuja moja kwa moja stoo.

"Shemeji, nikatie bati jingine."

"La nini tena? Si imetua salama?"

"Imetua," alisema. "Ndiyo maana kesho anairusha tena."