Nilimwambia Asipige Feri Malange ya Bambu

Mutoto hakukosa. Mama yake hakukosa. Mwenye kukosa njo miye, na mpaka leo mu parsele yetu, kiwanja yenye tunaishi bote, hakuna muntu anajua. Ao niseme vizuri: hakuna muntu anakubali kujua. Mutaona.

Niko mushonaji mu mutaa ya Kamalondo, huku Katanga. Mashini yangu iko ku baraza ya nyumba ya marehemu baba, ile alituachia kisha kutumika reli miaka yote. Naishi mule na mama yangu. Nyumba ya pili, yenye kuangaliana na yetu, eko mule Fiston, ndugu yangu mudogo, na bibi yake na mutoto yabo mwanamuke, Dorka. Yule bibi tunamwita Mama Dorka. Ni mutoto ya Pweto, kwabo banakausha samaki. Miye ananiita yaya, juu niko dada mukubwa ya bwana yake. Hajanijibu vibaya hata siku moja, na kama namutuma anaenda mbele nimalize kusema.

Kazi yangu iko malange, bile bilamba bya kufunga batoto. Miaka mingi nilikata amerikani, ile pamba nzito. Lange ya amerikani siku ya kwanza iko ngumu, mutoto analia, mama yake ananitukana mu roho. Lakini unaichemsha, unaisugua, unaipiga feri, ile pasi ya makala ya moto, kidogo kidogo inalainika. Inafunga mutoto wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha inakuwa kitambaa ya kupanguza meza. Mama eko na moja yenye ilifunga Fiston, na Fiston leo eko na ndevu.

Kisha bambu ikaingia, kitambaa yenye banatoa mu muti ya muanzi. Muuzaji mumoja alileta rulo ya kitambaa ya bambu kutoka Kasumbalesa, ku mupaka. Niliipapasa, roho ikanitoka. Laini kama shikio ya mutoto muchanga! Unaimwangia mayi, inakunywa yote, hata tone haianguke chini. Nilikamata rulo nzima.

Na kinywa yangu, jameni. Siku ya Mungu, njo Jumapili, kisha misa, bamama ba parwasi bakanizunguka, nikawaambia: "Hii inapita amerikani. Nani alishaona bambu inapasuka hivi hivi? Bantu banajengea nyumba!" Bakacheka, bakanunua. Hakuna muntu alinifundisha ile maneno. Niliwaza tu, muti iko nguvu, basi na kitambaa yake iko nguvu. Huu njo ulikuwa werevu yangu yote.

Mwezi haukuisha, mama mumoja akarudi. Akafungua lange mbele ya macho yangu, akaingiza kidole katikati, kidole ikatoka upande ingine. "Yaya, ona," akasema, bila kelele.

Nilielewa palepale. Bambu inapenda mayi, haipendi moto. Na shiye hapa tunachemsha malange mu sufuria, tunasugua kwa nguvu, tunapiga feri ya makala pande zote mbili. Amerikani inavumilia yote. Bambu inachoka, nyuzi zinakuwa nyembamba, pale katikati penye mutoto anakojolea panafunguka.

Ningesema: "Mama, nilikosa, lete nikushonee ya pamba." Sentensi moja tu. Lakini ku kiti ya pembeni kulikuwa bamama wengine babili, banangojea, na miye nilisikia haya. Nikakaza uso. "Nani alikuambia uchemshe? Nani alikuambia upige feri? Bambu ni ya mayi baridi. Unafula, unaanika, unafunga mutoto. Fanya vile, itamaliza batoto batatu."

Ninyi ba Katanga mumeshaanza kushika kichwa. Bale habajue, niwaambie. Huku kwetu, wakati ya mvua, kuko nzi moja ya rangi ya njano. Inataga mayayi mu nguo yenye ingali na unyevu ku kamba. Ukivaa ile nguo hivyo, kidudu kinatoka mu yayi, kinaingia mu ngozi, kinakuwa funza, na juu yake kunavimba jipu. Njo maana tunapiga feri kila kitu, shuka, soksi, mpaka nguo ya ndani. Mutoto wa miaka sita anajua hiyo. Miye nilijua. Na nilijua vilevile kama bambu inakawia kukauka kupita pamba.

Bamama wengi habakunisikiliza. Baliendelea na feri yabo, malange ikapasuka, bakanicheka mugongoni, ikaisha. Mwenye kunisikiliza alikuwa Mama Dorka, juu miye niko yaya wake.

Nilimupatia kumi na mbili, zawadi. Dorka alikuwa na miezi nane. Alipokea na mikono mbili, akapiga magoti kidogo. Nikamwambia maneno yangu ya mayi baridi. Akauliza mara moja, polepole, kama muntu mwenye kuogopa kukosea adabu: "Yaya, hata wakati ya mvua?"

Nikajibu: "Hata wakati ya mvua."

Mvua ilinyesha majuma mbili. Malange ilikuwa inakaa ku kamba siku mbili, siku tatu, bado inaloba, iko na unyevu ku pindo. Dorka akaanza kulia kila unapomukalisha. Mama yake akamugeuza: majipu saba, ku matako na ku mapaja. Mama yangu akaleta haraka zake za kizamani, akaminya moja kwa vidole. Funza ikapasukia ndani. Siku ya pili mutoto alikuwa moto, macho inageuka, tukakimbia naye ku santre ya afya. Muuguzi alipaka vazelini juu ya ile yenye kubakia, akangoja bidudu bitokeze vichwa, akavitoa moja moja. Ile ya kupasuka ilifunguliwa na wembe. Dorka alilia mpaka sauti ikakatika. Nilikuwa nje ku mulango, nilisikia yote.

Muuguzi akasema mbele yetu bote: "Nguo ya huyu mutoto haikupigwa feri."

Tulirudi ku nyumba na mutoto amelala. Mama yangu akatukalisha mu salon, Fiston, bibi yake na miye. Akaanza. Uvivu. Uchafu. Mwanamuke wa samaki, kwabo nzi ni ndugu zabo. Alisema mambo ya kuuma. Mama Dorka alingoja amalize, kisha akasema, macho chini: "Mama, yaya njo aliniambia bambu haipigiwe feri."

Bote bakanigeukia.

Nawaambia ukweli, sikuwaza hata kidogo. Kinywa ilitangulia. "Miye? Miye nilisema feri yenye moto kidogo! Nilisema usiiunguze! Ulisikia vibaya, Mama Dorka."

Aliniangalia. Nilikuwa najua atasema, nilikuwa najua nitaanguka, na sehemu moja ya roho yangu ilitamani aseme. Lakini akainamisha kichwa. "Pengine Kiswahili ya hapa ilinishinda, yaya. Unisamehe." Pale niliwaza ananifunika, juu ya heshima.

Mama akakata neno: tunamurudisha kwabo, wamufundishe. Kwetu iko vile. Bibi mwenye hajui nyumba anarudishwa kwa mama yake, anakaa kule mpaka bukwe, bazazi ba bwana yake, wamukumbuke na waseme sasa akuje. Mutoto anabakia. Na mutoto abakie na nani? "Na yaya wake," mama akasema, "yeye njo anajua usafi."

Mama Dorka alipanda lori ya Pweto na kibeti kimoja. Dorka alikuwa anakula buji tayari, ule uji, lakini alikuwa anaomba ziwa ya mama yake. Siku za kwanza alifungua blauzi yangu, akatafuta, akaniangalia. Munaelewa? Nilimufunga mugongoni nikatembea naye mu avenue mpaka achoke. Kovu yake iko ku paja ya kuume, naipitisha mukono kila asubui wakati namusafisha. Nilimushonea malange ya amerikani, nikayachemsha, nikapiga feri mpaka mukono unakufa ganzi. Fiston aliacha kukula na shiye. Alikuwa anakamata sahani, anaenda kukaa peke yake mu nyumba yake.

Kila siku ya Mungu Mama Dorka alikuwa anapiga telefone. Si kwa bwana yake kwanza, kwangu. "Yaya, anakula? Anatembea? Unamupigia feri pande mbili?" Kisha: "Aksanti, yaya. Bila weye mutoto yangu angekuwa wapi." Nilikuwa natoa telefone ku shikio, naiangalia tu.

Nikaona siwezi tena. Nikaenda kwa mama: "Mama, tumurudishe. Amesha kujifunza." Nilifikiri nimepata njia ya kutoka bila kusema neno. Mama akafikiri, akajibu: "Weye uko na huruma sana. Akuje. Lakini kwanza akulombe samahani mbele yetu bote, juu alikusingizia."

Nilisema haina lazima. Nilisema mara tatu. Mama akasema ni lazima, ni heshima yangu.

Akakuja. Alikuja na mujomba wake na kitunga ya samaki bakavu. Alikuwa amekonda. Akaingia mu salon, akapiga magoti ku simenti, mbele yangu, na miye niko na mutoto yake mugongoni. Dorka alikuwa anachungulia ku bega yangu, hakumutambua.

"Yaya, nilikusingizia. Nilitia jina yako mu uchafu yangu. Unisamehe."

Fiston alikuwa ananiangalia. Mujomba alikuwa ananiangalia. Mama alikuwa anatingisha kichwa, ameridhika. Ile ilikuwa nafasi yangu, Mungu mwenyewe aliniwekea, kinywa tu kufungua. Nikasema: "Nimekusamehe."

Kosa yangu miye mwenyewe, nikaisamehea yeye.

Sasa eko hapa, tunaangaliana mulango kwa mulango. Anapiga feri kila kitu. Hata ile malange ya bambu yenye ilibakia alikataa kuitupa, juu ni zawadi yangu. Anaichemsha, anaipiga feri, inapasuka, ananiletea na mikono mbili: "Yaya, unisamehe, mikono yangu imeharibu tena." Ilipasuka tatu vile. Ya ine ilipopasuka, nilienda kumuungamia padri. Padri alinisadiki. Akaniambia niseme ukweli ku nyumba, na yeye mwenyewe hana ruhusa ya kutoa neno yangu inje.

Basi nikasema. Nilimukuta ku jikoni anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamushika mukono. "Mama Dorka, siku ile ulisikia vizuri. Nilikuambia usipige feri hata kidogo. Uliniuliza wakati ya mvua, nikajibu ndiyo. Nilijua, na nilisema bongo, uongo mutupu, mbele ya bote."

Akaacha kutwanga. Machozi ikamutoka, nikasema mu roho, aksanti Mungu, imeisha. Akanikumbatia.

"Yaya, uache. Unataka kunibebea muzigo juu uko na roho muzuri. Lakini kule Pweto nilikaa nikafikiri miezi yote, sasa nakumbuka sawasawa: ulisema moto kidogo. Miye njo sikusikia."

"Mama Dorka, hapana. Sikusema vile."

"Ulisema, yaya. Hata sauti yako naikumbuka."

Kumbe siku ile hakunifunika. Alikuwa ameanza kunisadiki. Nilimupatia bongo, akaenda nayo kwabo, akailala nayo mpaka ikakuwa ukumbusho yake.

Akakimbia kumuambia mama. Mama akakuja, analia pia. Nikasema: "Mama, iko kweli, njo miye." Akaniwekea mukono ku kinywa. "Nyamaza. Nakujua, nilikuzaa. Usijichafue juu ya kusitiri muntu." Fiston, mwenye hakuwa ananisalimia, siku ile alinisalimia. Siku ya Mungu yenye kufuata, bamama ba parwasi balikuwa tayari na habari. Sasa banasema mbele ya mabinti yabo: ukiolewa, ulombe Mungu akupatie wifi kama yule mushonaji.

Bamama, munisikilize. Bambu iko laini, sikatai. Lakini kwa kuchemsha kwetu na feri yetu, haifike mbali, pamba inaishinda. Mukipenda ununue, ununue, na upige feri vilevile, ipasuke. Lange ikipasuka unashona ingine. Usikubali muuzaji akuambie uache feri wakati ya mvua, hata akuwe yaya wako, hata umuogope namna gani.

Na weye mwenye kuachia muntu mwingine abebe bongo yako, usiseme utamuambia kesho. Mukimbilie leo, wakati angali anakukasirikia, wakati angali anakumbuka sawasawa. Akishaacha kukukasirikia, umechelewa.

Njo maana nimeandika huku, kwa bantu habanijue. Bale banaishi na miye bote banasema niko muntu muzuri. Ninyi hamunijue, tafazali, munisadiki.