Thelathini na Mbili Niliyoisahau

Harufu ya mwarobaini unaochemka hunirudisha Bongwe, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, nikiwa darasa la saba na msichana pekee nyumbani kwetu aliyejua hesabu. Nilikuwa na kiburi, tena cha kuudhi. Baba alikuwa mpishi wa mzungu mmoja huko Diani, na tajiri wake huyo alimpa kipimajoto na kumfundisha kwamba homa ya mtoto ikizidi mia, apelekwe hospitali. Kilipovunjika, Baba alinunua kipya Mombasa, nacho namba zake zilikomea arobaini na mbili. Mwalimu alikuwa ametufundisha kugeuza vipimo hivyo vipya viwe vya zamani: zidisha kwa tisa, gawanya kwa tano, kisha ujumlishe thelathini na mbili.

Asubuhi moja mdogo wangu Mwanasha, wa miaka mitatu, aliamka na homa. Bibi, mamake Baba, alimfukiza kwa mwarobaini, kisha akamgusa shingo kwa mgongo wa mkono. "Mtoto huyu anawaka. Mpelekeni." Nikatazama zebaki: arobaini. Nikazidisha, nikagawanya, nikapata sabini na mbili, nikakomea hapo. "Mia i mbali, Baba," nikasema. Bibi aliguna. Baba akamwambia kwa upole, "Mama, mwache aliyesoma aseme," akaenda zake kazini. Nilifurahi kumshinda Bibi. Naona haya kuliandika hilo.

Siku ya pili Mwanasha alishikwa na degedege, ndipo akakimbizwa hospitali ya Msambweni. Alipona, ila hakusikia tena. Wazee walisema ni kadari ya Mungu, nami nikaitikia pamoja nao. Wiki iyo hiyo mwalimu aliandika kanuni ile ubaoni, nikaiona thelathini na mbili mwishoni mwake. Homa ilikuwa mia na nne. Sikumwambia mtu.

Siku hizi simu hugeuza vipimo kabla hujafumba jicho, na mimi bado sijamwambia mtu. Mwezi uliopita Mwanasha alikuja na mjukuu wake aliyekuwa na homa, akanipa kipimajoto, akagusa paji lake mwenyewe kisha akaninyoshea kidole: wewe ndiwe msomi wetu. Nilikiweka mezani bila kukitazama. Nikamgusa mtoto shingo kwa mgongo wa mkono, nikavaa buibui langu, nikamwashiria twende hospitali.