Sleeve au bypass: siku mama mkwe wangu alipomjibu daktari badala yangu

Wakuu habari za jioni, na wakubwa mliomo humu shikamooni.

Mimi ni wa kusoma tu, kuandika sijazoea. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea maneno ya kitaalamu mnirekebishe, msinicheke sana. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na pale ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika.

Kilichonifanya niandike ni dada mmoja aliyeuliza humu juzi tofauti ya sleeve na bypass, zile operesheni za tumbo za kupunguza uzito. Majibu yalikuwa mengi, ila wengi waliojibu hawajafanya hata moja. Mmoja alimwambia aache chapati. Nadhani alikuwa na nia njema.

Nipo Songea, Lizaboni. Ni fundi cherehani, nashona sare za shule na magauni ya harusi. Mume wangu anaendesha lori la mahindi, wiki nyingi yuko barabarani. Watoto wawili, mkubwa ni Osmunda.

Unene sikuzaliwa nao. Nilipoolewa nilikuwa mwembamba, na hapo ndipo anapoingia mama mkwe wangu.

Yeye anaishi Namtumbo, mama wa shamba, sauti kubwa, na kwake hakuna mgeni anayeondoka na nafasi tumboni. Ugali wake unaukuta umekaa kwenye sinia kama kichuguu, pembeni dagaa wa Nyasa na likolo la kutosha, mboga zetu za majani. Ukisema umeshiba anakuangalia kama umemtukana.

Nilivyonenepa alijivunia. Alikuwa ananishika mkono mbele ya majirani, anasema, "Mnamwona huyu? Alikuja kwangu kama fito."

Simlaumu. Tonge nilikuwa nalikata mwenyewe.

Halafu ikaja sukari. Yakaja magoti. Kanyagio la cherehani lilinichubua kidole cha mguu, mchubuko mdogo tu, kikageuka kidonda kilichokaa mpaka nikawa naenda kanisani na kandambili. Siku moja Osmunda ananifunga bandeji akaniuliza kama watanikata mguu. Nilimjibu hapana. Lakini nilikuwa sijui.

Daktari wa kliniki ya sukari hapa mjini, kijana mpole, ndiye aliyenitajia kwamba kuna operesheni za kupunguza uzito, na kwamba kwa wengine sukari nayo inashuka. Akaniandikia rufaa kwenda hospitali moja Dar.

Mama mkwe aliposikia alikuja Songea siku hiyo hiyo.

"Yaani tumbo nililolilisha mwenyewe ndilo unakwenda kulikata?"

Alinuna siku nzima. Jioni akatangaza kwamba kama ni kwenda, basi tutakwenda wote, maana mwanawe yuko safarini na mimi siwezi kupelekwa kuchanwa peke yangu kama sina watu. Ukweli niliogopa kusafiri naye. Nilijua atasema neno.

Gharama siziandiki, zinatofautiana na sitaki kumdanganya mtu. Ndugu walichanga, Mungu awabariki.

Sasa nieleze nilivyoelezwa kule. Ni kwa akili yangu ya fundi, daktari akipita humu arekebishe.

Kuna balloon. Wanakuingizia puto tumboni kupitia mdomoni, hawakati kitu, linajaza nafasi ushibe mapema. Baada ya miezi kadhaa linatolewa. Daktari wa kwanza kutuona pale alisema kwa hali yangu lingenisaidia kwa muda tu. Lakini kwenye benchi tulikaa na mama mmoja aliyekuwa nalo na alikuwa analifurahia, kwa hiyo silisemi vibaya.

Kuna sleeve. Sehemu kubwa ya tumbo la chakula inakatwa na kutolewa kabisa, linabaki jembamba kama mkono wa shati. Hii niliielewa haraka. Tofauti ni kwamba mimi nikibana gauni huwa naacha kitambaa kwa ndani, mteja akinenepa namwachia. Hapa kitambaa kinatupwa.

Kuna bypass. Wanatenga kifuko kidogo pale juu ya tumbo, wanakiunga na utumbo kwa mbele, chakula kinaruka njia ya zamani. Tumbo lingine linabaki ndani ila halipokei chakula. Alisema inawasaidia sana wenye sukari. Lakini mwili unanyonya virutubisho kidogo, kwa hiyo vidonge vya vitamini na madini kila siku, maisha yote, na kupimwa damu mara kwa mara. Na diclofenac, dawa ya maumivu ambayo mimi nilikuwa naitafuna kwa ajili ya magoti kama karanga, ndiyo kwaheri, maana inaweza kuleta vidonda pale palipoungwa.

Hayo maneno, maisha yote, ndiyo yaliyonitisha.

Wakuu, mimi ni msahaulifu. Nimeshaunguza gauni la bibi harusi kwa kusahau pasi. Nimeshatoka kwenye sala za jumuiya nikafika nyumbani, nikakumbuka mtoto wangu nimemwacha huko. Dawa za sukari zenyewe nilikuwa naruka. Mtu kama mimi unampa vidonge vya kumeza mpaka anakufa?

Nikaamua moyoni, nachukua sleeve. Niliiona kama kitu cha kukata na kumaliza.

Shida ikawa moja. Yule mama wa benchi alikuwa amesema wenye kiungulia kikali wengi hawashauriwi sleeve, maana inaweza kukizidisha. Na mimi kiungulia ninacho tangu mimba ya Osmunda.

Nesi alipouliza, nikasema sina.

Najua mtanisema. Lakini kwetu huku kiungulia nani anakiita ugonjwa? Unakoroga magadi kidogo kwenye maji, unakunywa, unarudi kwenye cherehani. Nilijiambia sijadanganya, nimeacha tu kutaja kitu kidogo. Hata hivyo jasho lilinitoka wakati nesi anaandika, kwa hiyo nadhani nilijua.

Tulikuwa tumefikia kwa ndugu wa mume wangu Mbagala, mimi na mama mkwe chumba kimoja. Hilo sikulifikiria hata kidogo.

Siku ya kumwona daktari mpasuaji, mama alikataa kubaki nje. Akaingia na kitenge chake kipya, akakaa karibu na mlango, mikono mapajani. Daktari akaniuliza tena yale yale. Presha, nikajibu. Dawa ninazomeza, nikajibu. Kiungulia?

"Hapana," nikasema.

Mama akakohoa.

"Baba, wewe ni mdogo kwangu ila ni mtu mkubwa hapa, kwa hiyo naomba ruhusa," alisema. "Huyu hulala amekaa. Mito mitatu mgongoni, na ya kwangu anaichukua nikisinzia. Akilala chali anakohoa maji machungu. Anakunywa magadi kama ng'ombe."

Wakuu, nilitamani cherehani yangu iwepo niiname nyuma yake.

Daktari hakunigombeza. Aliweka kalamu chini akaniangalia, akauliza polepole kama ni kweli. Nikasema ni kweli.

Nikapelekwa kipimo cha kamera inayopita mdomoni. Wakakuta mwishoni mwa njia ya chakula pamechubuka, na kuna mahali pamelegea ambapo asidi inapanda. Daktari akasema kwa hali hiyo yeye hanishauri sleeve, ningeweza kupungua na bado nikaungua kifua zaidi ya mwanzo. Kwa sukari na kiungulia vyote pamoja anaona bypass inanifaa. Akasema uamuzi ni wangu, nikafikirie, nirudi.

Na hapo nikajifunza jambo jingine. Kumbe hata wa sleeve nao wanapewa vitamini na wanafuatiliwa. Nilikuwa nakimbia kitu ambacho kipo pande zote mbili, tofauti ni kwamba kwenye bypass kinakuwa kikubwa zaidi. Nisingeuliza nisingejua, na sikuuliza kwa sababu nilishaamua.

Tukatoka, tukakaa kwenye benchi la nje. Nilikuwa na hasira. Nikamwambia, kwa heshima lakini kwa hasira, kwamba yale yalikuwa mambo ya mwili wangu.

"Mwili ni wako, mama Osmunda," alijibu. "Ila nikirudi nyumbani bila huo mwili nitamwambia nini mwanangu?"

Akaniuliza kwa nini nilikificha kile kitu. Nikamweleza vidonge, nikamweleza gauni la bibi harusi, na mtoto niliyemsahau jumuiya, jambo ambalo alikuwa halijui. Nilidhani atanisema. Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Ni hilo tu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nitakukumbusha mimi."

Alisema kama mtu anayekubali kukuangalizia kuku. Halafu akaanza kukunja na kukunjua ile ncha, watu wanapita na mafaili yao, nikajua kuna kitu.

Akasema na yeye ana lake. Ile mito hakuitaja ili nibadilishiwe operesheni. Aliitaja ili nikataliwe kabisa. Alitaka daktari aseme huyu haimfai, turudi nyumbani.

"Nilijua ukishakatwa hutakula tena kwangu," alisema. "Utakuja utakaa kama mgeni, utaonja, utaondoka. Mimi najua kupika tu. Kusema na watu sijui."

Nimekula kwa yule mama miaka yote hiyo nikidhani ule mlima wa ugali ni ugali tu.

Nilimshika mkono kama alivyokuwa ananishika mbele ya majirani. Nikamwambia nitakula kwake, ila kidogo. Akafikiria.

"Sijawahi kupika kidogo. Hata sufuria yake sina."

Nikachagua bypass.

Sitawachosha na operesheni yenyewe, nililala nikaamka. Siku za kwanza ni vimiminika, kijiko kwa kijiko, na kuna siku nililia nikijuta. Hilo watu hawaliandiki, mimi naliandika. Nywele zilipungua kwa muda. Nimepungua vizuri, ila si kama wale wa kwenye picha za mitandaoni. Sukari imeshuka, dawa nimepunguziwa na daktari, sikujipunguzia. Kidonda kimefunga. Nalala kwa mto mmoja.

Makosa nimefanya pia. Kwenye sherehe ya kipaimara huko Namtumbo niliona aibu kukataa togwa, na ilikuwa na sukari nyingi. Nikanywa nusu kikombe. Moyo ukaenda mbio, jasho, tumbo likasokota, nikaona dunia inazunguka. Nilikuwa nimeonywa kabisa kwamba vitu vitamu vitanifanya hivyo. Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba operesheni imeniharibu. Mama mkwe akanilaza ndani, akarudi pale nje, namwona dirishani, akainua kikombe changu mbele yao akakimaliza.

"Huyu ameshashiba," aliwaambia. "Kuna mwingine mwenye swali?"

Wakarudi kwenye sinia zao.

Siku hiyo ndiyo niliiona jikoni kwake. Sufuria ndogo, mpya, ya kutosha chai ya mtu mmoja, imeanikwa kati ya yale masufuria yake makubwa ya msibani. Jioni akanipikia humo ugali wa kukaa kwenye kiganja, na dagaa wachache. Akakaa mbele yangu nikila, ananiangalia nikitafuna taratibu kama ninavyotakiwa. Nilipoacha vitonge viwili hakunikazia macho. Alivila yeye.

Kwa hiyo dada uliyeuliza, jibu langu ni hili, na kama halikutoshi nisamehe. Mimi siwezi kukuambia sleeve au bypass. Kuna waliofanya sleeve wako vizuri kuliko mimi, nimewaona. Mimi niliingia pale nikiwa nachagua kwa kuangalia kile ninachokiogopa, na mwili wangu ulikuwa unasema kitu kingine. Mwambie daktari kila kitu, hata kile ambacho kwenu hakihesabiwi kuwa ugonjwa. Na ukienda, nenda na mtu anayejua unavyolala.

Waliofanya sleeve, au balloon, au walioambiwa haiwafai wakarudi nyumbani, karibuni muandike yenu. Hata wanaoona tumekosea kukata tumbo la Mungu waseme, ila kwa upole, mama mkwe anasomewa huu uzi na Osmunda kwa simu.

Kuhusu vidonge, mtauliza, basi niseme. Kila asubuhi kabla sijafungua banda langu la cherehani simu inaita kutoka Namtumbo. Hasalimii. Anauliza, "Umemeza?" Nikisema ndiyo, anakata.

Siku hizi nafikiri ningekumbuka mwenyewe. Vidonge viko mezani karibu na uzi na mkasi, navitazama, maji yako kwenye kikombe.

Lakini huwa nasubiri simu iite kwanza.