Mkia Unywe Kwanza

Bomba la hapa kwetu Kiembeni hukohoa kabla ya kutoa maji. Hukohoa mara mbili tatu, likatema hewa yenye harufu ya kutu na udongo mbichi, ndipo maji yakaja. Majirani wakisikia kikohozi hicho hukimbilia ndoo. Mimi husimama kwanza, kwa sababu harufu ile hunirudisha Frere Town, nyuma ya nyumba ya Bi Zulekha, na nikifika huko hutamani ardhi ipasuke inimeze. Sijawahi kumwambia mtu habari hii. Leo nakwambieni ninyi, na mnivumilie.

Bi Zulekha alikuwa jirani yetu, mjane anayeishi peke yake. Alizaliwa Badin, wilaya ya Wasindhi huko Pakistani, kusini kabisa, ambako mto wao mkubwa unakaribia bahari. Aliletwa Mombasa akiwa bibi harusi, na mumewe, fundi wa mitambo bandarini, akamfia hapa. Kiswahili chake kilikuwa cha Pwani hasa, isipokuwa akikasirika. Hapo alihamia Kisindhi, na hata kuku walijua kutawanyika.

Sisi ni Wagiriama. Bibi yangu kule Kaloleni alipanda mahindi kisha akatazama mbinguni, na mvua ikikataa alimnunia mchungaji. Kwa hiyo nilimshangaa sana Bi Zulekha, ambaye hakuwa na shughuli na mawingu. Nyuma ya nyumba alichimba mfereji mwembamba kutoka kisimani hadi ukutani, akausiriba kwa udongo wa mfinyanzi ili mchanga wetu wa Frere Town usinywe maji njiani. Kando ya mfereji aliweka majaruba sita, vitalu vidogo vyenye kingo za udongo, kila moja na mlango wake wa kipande cha bati. Ukiinua bati, jaruba linakunywa. Ukilishusha, maji yanapita kwenda mbele.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wa jiografia alituambia tuandike habari za wakulima wa nchi nyingine, nikaenda kwa Bi Zulekha na daftari. Huku akipalilia bamia, alinisimulia kwao. Zamani watu waliyangoja mafuriko yapite, wakapanda kwenye tope lililobaki. Baadaye serikali ikauziba mto kwa ukuta wenye milango ya chuma, ikachimba mifereji mirefu, na kila shamba likapewa zamu yake ya maji. Alinichorea yote kwa kijiti mchangani: mto, mfereji mkuu, vijito, mashamba ya mpunga, nyati wa kufugwa, wanaokamuliwa kama ng'ombe, wakiogelea. Mwisho kabisa wa mchoro alichomeka kijiti.

"Hapa ndipo kwa baba. Mkiani."

Wenye mashamba ya juu, alisema, walifungua milango yao hata zamu isipokuwa yao. Babake akienda kuuliza, walimkaribisha chai, wakamwambia maji mwaka huu ni machache. Udongo wake ukakauka, chumvi ikapanda ikawa nyeupe juu ya ardhi, nyati wakauzwa. Ndiyo maana kwenye bustani yake sheria ilikuwa moja: mkia unywe kwanza. Maji yalifika jaruba la ukutani kabla ya mengine kuonja hata tone.

Niliyaandika yote. Nilipata alama nzuri kuliko darasa zima.

Bi Zulekha alifurahi akanipa jaruba la kwanza, lile la karibu na kisima, nikapanda mchicha. Jaruba la mkiani lilikuwa na mpunga. Mpwa wake alimletea mbegu kutoka Badin, konzi moja iliyofungwa kwenye pindo la kitambaa, naye akaipanda yote. "Nikivuna," aliniambia, "nusu nitairudisha ardhini, nusu nitapika. Tangu niolewe sijala wali wa kwetu."

Mpunga ulipokuwa na mimba, karibu kutoa masuke, bintiye aliyeolewa Malindi akajifungua. Bi Zulekha akaenda siku tisa, akaniachia ndoo na kamba.

"Waijua sheria, Kadzo?"

"Naijua, bibi."

Siku mbili niliifuata. Lakini ili maji yafike mkiani ilinibidi nivute ndoo ishirini kwa mikono yangu, na viganja vikaota malengelenge. Tena, nilikuwa nimejigamba shuleni kwamba siku ya wazazi nitaleta mchicha wenye majani kama masikio ya ndovu. Siku ya tatu niliinua bati langu kwanza. Nilijiambia ni leo tu. Ndoo sita zikatosha mchicha, nikaenda kucheza. Kesho yake pia ikawa leo tu.

Aliporudi, mchicha wangu ulikuwa umenona. Bamia za katikati zilikuwa zimesinyaa. Mpunga ulikuwa umekunjika majani, masuke yametoka meupe, na alipoyaminya kwa vidole hayakuwa na kitu ndani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Kisima kilipungua, bibi," nikasema. "Maji yalikuwa machache."

Alikuja pole pole hadi kwenye jaruba langu, akachomeka kidole udongoni. Kilitoka kimelowa. Akakifuta kwenye mtandio wake, na kwa mara ya kwanza hakuhamia Kisindhi.

"Haya, mwanangu," alisema. "Machache."

Asubuhi iliyofuata aliniita.

"Kadzo!"

"Abee, bibi!"

"Lete ndoo."

Tulivuta pamoja. Maji yalipoanza kutembea, aliinama akainua bati langu mwenyewe, yakaingia kwenye mchicha. Moyo wangu ulitulia. Nilidhani nimesamehewa, au nimepandishwa cheo. Tangu siku hiyo alianza na jaruba langu kila asubuhi, na siku ya wazazi mchicha wangu ukasifiwa mbele ya watu. Hata yeye alipiga makofi.

Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto, nilipokuja kufahamu. Nilikuta daftari lile kwenye sanduku la mama, nikasoma mwandiko wangu: wakamwambia maji mwaka huu ni machache. Niliona aibu nikalifunga, kana kwamba kuna mtu mlangoni. Bi Zulekha alikuwa amekwisha kufariki. Alivuka bahari akamwacha nyuma mwenye shamba la juu, akamkuta Frere Town, amevaa sare ya shule, akimwamkia shikamoo.

Wala hakuwa amenipandisha cheo. Alianza kwangu kwa sababu mkiani hakukuwa tena na cha kunyweshwa. Nami asubuhi ile, nikitazama maji yakiingia kwenye mchicha wangu, nilimwambia ahsante.